Vijana waliosemwa hawana kazi

Mwezi huu ukurasa wa familia unaanzia katika mtaa wetu hapa kambini, halafu utakwenda mbali kidogo, mpaka Marekani, kisha tutarudi. Mtuvumilie.

Mtoto wa jirani, miaka mitatu hivi, alishikwa na degedege saa nne za usiku. Mnajua inavyokuwa. Mama anapiga kelele, watu wanatoka na tochi za simu, nyumba inajaa mpaka mlangoni. Mmoja anasema mtoto amerogwa. Mwingine anasema mpakeni mafuta ya taa. Mzee mmoja amekwisha kushika kijiko, anataka kukipenyeza katikati ya meno ya mtoto. Ndipo akaingia kijana wa nyumba ya tatu, yule ambaye sisi wazazi tulizoea kumsema kwamba kazi yake ni karata tu.

"Mutoke, mutoto apate hewa," akasema.

Akamnyang'anya mzee kijiko, kwa adabu, lakini akamnyang'anya. Akamlaza mtoto ubavu, akamlegezea nguo, hakumkandamiza, akawa anatazama saa ya simu kuona kutukutika kunachukua muda gani. Kulipokwisha akachagua watu wanne wa kubeba na wa tano wa kutangulia mbio kuwaamsha wa zahanati. Mtoto alikutwa na malaria. Yuko mzima, juzi amenivunjia kikombe.

Nikamwuliza kijana, haya mambo umejifunza wapi? Kumbe alipata mafunzo ya huduma ya kwanza, siku tano tu, miaka miwili nyuma. Tangu siku ile ya kufunga mafunzo hakuna mtu aliyemwuliza tena. Cheti chake kiko ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro.

Basi habari hiyo ikanikumbusha vijana wengine, wa zamani kidogo, katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania.

Wengi wetu tunadhani Marekani ilizaliwa na ambulansi zake. Sivyo. Mpaka miaka ya 1960 mtu akianguka barabarani pale Pittsburgh, waliokuja kumchukua ni polisi na karandinga lao. Walimpakia nyuma, wao wakakaa mbele, wakaendesha. Nyuma hakuna mtu wa kumshika kichwa wala kutazama kama anapumua. Katika miji mingine kazi hiyo ilifanywa na kampuni za mazishi, kwa sababu wao ndio waliokuwa na gari refu ambalo mtu anaweza kulala. Gari lile lile, ukipona linakufikisha hospitali, usipopona halina haja ya kugeuza sana njia.

Sisi tunaobeba wagonjwa kwa tipoyi, na ndugu zetu Warundi kwa ingobyi, tusijidharau. Katika machela yetu mgonjwa walau anazungukwa na watu wanne wanaomwona.

Mwezi wa Novemba 1966 mtu mkubwa alianguka akiwa jukwaani katika mkutano wa siasa. Huyo ni David Lawrence, aliyekuwa meya wa Pittsburgh na baadaye gavana wa jimbo. Alifikishwa hospitali moyo ukarudishwa, lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa muda mrefu. Alikufa mwezi huo huo. Kati ya madaktari waliomhudumia alikuwapo Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, Austria. Safar ndiye mmoja wa walioonyesha miaka ya 1950 kwamba mtu asiyepumua anaweza kupuliziwa pumzi kwa kinywa. Na mwaka ule ule wa 1966 yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na binti yake mdogo, Elizabeth, kwa ugonjwa wa pumu. Alijua maana ya kuchelewa.

Sasa, katika mji huo kulikuwa na mtaa wa watu weusi unaoitwa Hill District. Ukosefu wa kazi mwingi, wakubwa wa mji hawautazami. Hapo palikuwa na shirika la wenyeji, Freedom House, maana yake Nyumba ya Uhuru, lililokuwa likipeleka mboga kwa gari kwenye mitaa ya maskini. Mwaka 1967 bwana mmoja wa mfuko wa misaada ya afya, Phil Hallen, aliunganisha mambo mawili: wao wana watu na uzoefu wa magari, Safar ana elimu. Kwa nini wasifundishwe hao hao?

Wakachukuliwa vijana wa mtaa. Wako waliotoka vita ya Vietnam, wako ambao hawakumaliza sekondari, wako waliowahi kufungwa. Kwa macho ya wengi hawafai kitu. Safar hakuwapunguzia masomo. Aliwapa saa 300 za mafunzo, wakati wachukuaji wengi wa wagonjwa nchini hawakuwa hata na huduma ya kwanza ya kawaida. Walijifunza mwili ulivyo, kufungua njia ya hewa, kushindilia kifua moyo ukisimama, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, kuzalisha. Walipelekwa chumba cha upasuaji wakasimama karibu na madaktari. Ambao hawakuwa na cheti cha sekondari walisaidiwa kukitafuta wakati huo huo. Hilo la mwisho mimi nalipenda kuliko yote.

Magari yao yalianza kazi mwaka 1968. Mwaka wa kwanza waliitwa karibu mara 6,000, na Safar alihesabu kuwa watu kama 200 walipona ambao wangekufa. Wako wagonjwa wazungu waliokataa kuguswa nao, hata wakiwa taabani. Kijana mmoja, John Moon, alikuwa mtumishi wa hospitali wa kusukuma vitanda. Siku moja aliona weusi wawili wa Freedom House wakiingia na mgonjwa, wamevaa sare, wanaongea na daktari kama watu wanaojua kazi yao. Naye akaenda kujifunza.

Mwaka 1974 alikuja daktari kijana, mwanamke, Nancy Caroline, kuwasimamia. Alipanda nao magari, akawaongezea masomo kupita yale ya kwanza. Mafunzo aliyoyaandika akiwa nao yakawa msingi wa mafunzo ya taifa zima la Marekani, na kitabu chake cha mwaka 1979 kimechapwa tena na tena. Na jambo hili wengi hawalijui: miaka ya 1980 daktari huyo alifanya kazi Nairobi na AMREF, shirika la wale madaktari wa ndege tunaowasikia. Alifariki mwaka 2002.

Lakini mwisho wa Freedom House haukuwa mzuri. Mwezi wa Oktoba 1975 serikali ya mji ilianzisha huduma yake yenyewe, Freedom House ikafungwa. Wafanyakazi waliahidiwa nafasi. Walipofika wakakuta mitihani mipya, vyeo vya chini, na wakubwa weupe waliokuwa na uzoefu mdogo kuliko wao. Wengi wakaondoka mmoja mmoja. Moon alibaki, akavumilia, mwishowe akawa msaidizi wa mkuu wa huduma hiyo ya mji.

Sisi wakimbizi jambo hilo la mitihani mipya tunalijua vizuri. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi Uvira au Fizi akivuka mpaka anaulizwa karatasi, na karatasi iliungua na nyumba.

Wazazi wenye watoto waliokwisha kufika Marekani wametuuliza kuhusu kazi hii, basi tuseme tunachokijua. Mhudumu wa ngazi ya kwanza wa ambulansi husoma miezi michache, saa 150 mpaka 200 hivi, kutegemea jimbo. Kwa kawaida lazima awe na miaka 18. Kisha kuna mtihani wa maandishi na wa vitendo. Hapewi ruhusa ya kutoa kila dawa, hiyo ni ya ngazi ya juu ambayo inachukua mwaka au zaidi. Kinachowashinda watoto wetu mara nyingi ni Kiingereza, maana pale huwezi kusema "sijaelewa" wakati mtu anakata pumzi. Leseni ya kuendesha gari nayo huulizwa sana. Mshahara si mkubwa, mtoto asidanganywe. Ila yule muuguzi wa Fizi, akingoja vyeti vyake vikubaliwe, anaweza kuingia kwa mlango huu akawa karibu na wagonjwa tena.

Kwa walio hapa, mnajua kwamba Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kesi nyingi zikasimama nao. Kijana asikae kungoja ndege ndipo ajifunze. Mafunzo ya huduma ya kwanza yakitangazwa, mwandikisheni, binti pia. Wanawake wengine watakubali kushikwa na binti tu, hasa uchungu ukianza njiani. Na cheti apigwe picha, picha itumwe kwa ndugu wawili walio mahali tofauti.

Kuhusu degedege, kwa kuwa wengi mmetuuliza baada ya usiku ule: usitie kitu chochote kinywani, si kijiko, si kidole, si dawa, si maji. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa. Ikipita dakika tano ni hatari kubwa, mbebeni mara moja. Hata ikiisha mapema, zahanati ni usiku ule ule, si kesho baada ya mgao.

Yule mzee wa kijiko alikasirika siku mbili. Ya tatu alikuja mwenyewe kwa kijana, akataka aonyeshwe namna ya kumlaza mtu ubavu, na mjukuu wake akawa ndiye mgonjwa wa mfano, anacheka muda wote.

Kijana sasa anagongewa usiku. Aliomba glavu, tochi na filimbi ya kuita wabebaji. Glavu alipewa kidogo, filimbi tukachanga. Mama wa yule mtoto akamshonea mfuko kwa kipande cha shitingi, na mfuko huo unaning'inia nje ya mlango wake, nyumba ya tatu ukitoka bombani, ili hata asipokuwepo mtu aweze kuuchukua.