Mgeni wa Busale na Msongamano wa Kariakoo

Basi la kutoka Kyela linapoingia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, ndugu msomaji, wewe uliyekwenda kumpokea mzazi wako hutazama kwanza mizigo: gunia la mchele, mkungu wa ndizi, pengine kifurushi cha samaki wa Ziwa Nyasa waliokaushwa vizuri. Miguu huitazami. Laiti ungeinama, ungeona kiatu kilichobana na kifundo kilichovimba, kwani mwenye miguu hiyo ametoka Busale na kukaa kitini kwa zaidi ya kilometa 900, akapita Tukuyu, Uyole, Iringa, mteremko wa Kitonga na mbuga ya Mikumi.

Nami niliitazama mizigo tu.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu, mkulima wa mpunga na kakao, alinitembelea jijini mwezi Mei. Kesho yake asubuhi nilimtoa kwenda Kariakoo, kwa kuwa siku yangu ya mapumziko ilikuwa hiyo moja. Tulisimama ndani ya basi la mwendokasi njia nzima, tukazunguka Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake kutafuta vitenge na masufuria hadi saa tisa alasiri. Kila nilipomwuliza kama ana njaa alijibu, "Nimeshiba, mwanangu." Nilipouliza habari za miguu, alisema haijambo. Jioni alipovua soksi, lengelenge la kisiginoni lilikuwa limekwisha kupasuka, na soksi imegandamana na damu. Hakuwa amesikia maumivu hata kidogo. Shangazi anaugua kisukari, na jambo hilo nilikuwa nalijua. Kidonda kilichukua wiki tano kupona. Mpunga wake ulivunwa na vibarua wa kulipwa, naye yuko kwangu ameweka mguu juu ya kigoda.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba mgeni wa namna ile haulizwi kama ana njaa. Kwa mtu mzima aliyelelewa katika heshima za kijijini, kula akiwa amesimama njiani ni aibu, na kumwambia mwenyeji wake kwamba amechoka ni kama kumlaumu. Isitoshe, akisikia bei ya sahani moja huigeuza moyoni kuwa kilo za mchele, na njaa humwisha pale pale. Basi usiulize. Saa ya chakula ikifika, mwongoze kwenye kibanda cha mama lishe, mvutie benchi, agiza na ulipe kabla hajapata nafasi ya kukataa. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa jambo hili ni zito zaidi. Akimeza dawa asubuhi kisha akakosa mlo, sukari yaweza kushuka mno. Utamwona akitoka jasho, akitetemeka, akisema maneno yasiyoeleweka. Ikitokea hivyo angali anaweza kumeza, mpe mara moja soda yenye sukari au maji ya sukari, kisha chakula. Wala asinyamaze akisubiri kufika nyumbani.

Uchague nini kibandani? Tazama sufuria iliyo jikoni ikitoa moshi. Ugali au wali na maharage yaliyopakuliwa yangali ya moto, mchicha na kipande cha samaki ni mlo unaomsimamisha mtu hadi jioni. Chipsi na soda hujaza tumbo kwa bei kubwa, na muda si mrefu njaa imerudi. Samaki wa kukaanga aliyelala kwenye kabati la kioo tangu jana, mwache hapo hapo. Chungwa na ndizi mbivu ni matunda yanayofaa sana kwa msafiri, kwa sababu anayamenya mwenyewe.

Hapa niseme neno kuhusu wali, maana wenyeji wa Kyela wana haki ya kujivunia mchele wao unaonukia. Aghalabu msafiri huondoka alfajiri na wali ndani ya kopo, akaula mchana au hata usiku, katikati ya joto la basi. Wali uliopikwa ukakaa saa nyingi katika joto una hatari ambayo watu wengi hawaijui. Ndani yake vimo vijidudu vinavyostahimili mchemko wa kwanza, kisha huzaana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Mchele na usafiri ukiwa mbichi guniani. Njiani ale ndizi za kuchoma, mayai ya kuchemsha yangali na maganda yake (hayo nayo yaliwe mapema, yasingoje usiku), na karanga.

Na maji je? Abiria wengi, kina mama hasa, hawanywi maji safarini wakiogopa kwamba dereva hatasimama ili watu wakachimbe dawa. Matokeo yake hufika wakiumwa kichwa, midomo imekauka. Anywe kidogo kidogo, na kila basi linaposimama ashuke, hata kama hana haja.

Kushuka huko ndiko dawa ya miguu pia. Damu inayoteremka miguuni hurudishwa juu na misuli ya shavu la mguu inapokaza na kulegea, na misuli hiyo hufanya kazi mtu anapotembea. Akikaa au kusimama mahali pamoja kwa saa nyingi, maji hujikusanya vifundoni. Kwa hiyo akiwa kitini azungushe vifundo, anyanyue visigino na vidole kwa zamu. Lakini mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma shavuni na kuwa wa moto, msiukande wala kuuchua. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo laweza kusafiri hadi kwenye mapafu.

Viatu vipya vya kuendea mjini ndivyo adui mkubwa. Mguu uliozoea kandambili umetanuka, nawe unautia ndani ya ngozi ngumu, au viatu vya kuchuchumia! Avae viatu alivyokwisha kuvizoea, pamoja na soksi kavu. Mkitaka kumnunulia vingine, nunueni alasiri, miguu ikiwa imejaa, ili visije vikambana baadaye.

Mkirudi nyumbani, beseni la maji ya vuguvugu ni faraja kubwa, ila kwa mwenye kisukari uyapime wewe kwa kiwiko chako, maana miguu yake yaweza kuungua bila yeye kujua. Usimwache aloweke kwa muda mrefu. Umkaushe katikati ya vidole, ukague nyayo na visigino, kisha alale miguu ikiwa juu ya mto.

Shangazi alikuja tena mwaka jana. Siku ya kwanza hatukutoka. Siku ya pili tuliondoka saa nne, wafanyakazi wakiwa wamekwisha kushuka, akapata kiti. Saa saba nilimketisha kwa mama lishe karibu na Gerezani, nikaagiza ndizi na nyama bila kumwuliza. Alikula zote, akanawa mikono, akasema ndizi za Busale hazina ugumu ule. Saa nane tulikuwa ndani ya basi la kurudi, na kitenge kimoja tu.