Pairiti ya Kasese: jiwe lililotupwa, likazaa madhara na mali

Msafiri atokaye Bwera, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, hupita Kikorongo kabla ya kuwasili Kasese, chini ya milima ya Rwenzori. Kwa miaka mingi palikuwapo hapo Kasese lundo la mchanga mzito, lipatalo tani milioni moja. Ilikuwa ni pairiti, madini yaliyotoka katika mgodi wa Kilembe.

Pairiti ni muungano wa chuma na salfa. Hung'aa kwa rangi ya manjano, na wengi huidhania dhahabu. Hata hivyo, dhahabu ni laini, na ukiigonga kwa nyundo hutandazika. Pairiti huvunjika vipande, na pengine hutoa cheche. Ukiisugua juu ya kigae kikavu huacha alama nyeusi, ilhali alama ya dhahabu ni ya manjano.

Pairiti ya Kilembe ina sifa nyingine: ndani yake, kobalti imeshika sehemu ya nafasi ya chuma. Kobalti ni metali inayotumika katika betri na katika injini za ndege.

Mgodi ulipoanza kuzalisha mwaka 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, kilichotafutwa kilikuwa shaba, iliyosafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Pairiti ilitengwa na kurundikwa. Uchimbaji ulipokoma, lundo likabaki juani na mvuani.

Hapo ndipo madhara yalipozidi. Pairiti ikikutana na hewa na maji huoza mfano wa chuma kiotacho kutu, na salfa yake hugeuka kuwa asidi kali. Mvua iliichukua asidi hiyo, pamoja na metali, hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ikaacha ukanda wa ardhi usioota kitu.

Mwaka 1999, kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kuutumia uozo huohuo kwa faida. Pairiti ilitiwa katika matangi yenye maji na hewa, pamoja na bakteria wanaopata nguvu kutokana na chuma na salfa. Bakteria hao waliivunja pairiti, kobalti ikayeyukia majini, na asidi ikapunguzwa makali kwa mawe ya chokaa. Kilichoharibu ardhi kilipokuwa wazi kilizaa mali kilipodhibitiwa. Kazi hiyo ilikoma katika miaka ya 2010.

Hata hivyo, masalia mengine ya mgodi yangali kandokando ya mto Nyamwamba, ambao mafuriko yake ya Mei 2013 na Mei 2020 yalileta maafa makubwa bondeni. Kwa wakazi, ni vyema kukumbuka jambo moja: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye masalia hayo, hasa yenye rangi ya kutu, hayafai kunywewa hata yakichemshwa.