Mlinzi wa Mlango: Kazi Yake Ni Nini?



Umetoka machimboni Misisi na feranga kidogo mfukoni. Umefika bandarini Baraka, unataka kuvuka ziwa kwenda kumwona dada yako Tanzania. Mara unasikia: "Baba, kuya hapa! Leta makaratasi!" Wa pili anakuita, na wa tatu. Utajuaje nani ana haki ya kukuuliza?

Wengi husema tu: "Hao ni watu wa DGM." Basi tuelezane. DGM ni idara ya serikali ya uhamiaji, iliyoundwa kwa amri ya tarehe 11 Januari 2003, chini ya wizara ya mambo ya ndani. Kazi yake ni kulinda mipaka, kuandika wanaoingia na wanaotoka, kuwapa wageni viza, na kuangalia kama wageni waliomo nchini wanafuata sheria. Ni kama mlinzi wa mlango wa nyumba. Lakini mlinzi hatozi watoto wa nyumba wanaotoka jikoni kwenda sebuleni, sivyo?

Katiba ya 2006, ibara ya 30, yasema kila aliye nchini ana haki ya kutembea, kutoka na kurudi akifuata sheria. Mkongomani anayetoka Baraka kwenda Fizi ao Lubichako hana deni la uhamiaji. Karte ya mchimbaji nayo ni kazi ya ofisi ya Mines.

Mpakani, amri ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne: DGM, forodha (tangu 2009 inaitwa DGDA), OCC inayopima bidhaa, na watu wa usafi na afya. Mwingine akikusimamisha, usigombane. Uliza kwa heshima: "Chefu, uko wa huduma gani?" Na kila feranga unayolipa, omba risiti yenye muhuri.

Lakini tusisahau: mlango una pande mbili. Mwaka 1996, vita vilipowaka, wengi wetu tulivuka ziwa bila karatasi hata moja, tukapokelewa Nyarugusu, Tanzania. Kuanzia 2005 meli za UNHCR zikaturudisha, tukashukia papa hapa Baraka. Mwaka 2015 Warundi nao wakakimbilia kwetu, wakapata kambi Lusenda. Sheria ya 2002 juu ya wakimbizi inakataza kumrudisha mtu kwenye hatari aliyoikimbia. Basi mkimbizi akibisha mlangoni kwako, usimwite mwizi, wala usimle feranga zake. Mwonyeshe njia ya kufika kwa wakuu na kwa CNR, ofisi ya wakimbizi.

Yosefu na Maria nao walimvusha Mtoto mpaka usiku, kwenda Misri. Kuna mtu kule aliyewafungulia mlango.

Maulizo ya kuongea katika jamaa:
1. Makaratasi ya kila mtu wa nyumba yetu yako wapi?
2. Nani alitupokea siku tulipokimbia? Sisi tumempokea nani?