Lafudhi ya Mbajuni mbele ya majaji

Mgeni akiingia msikitini kwetu hapa Singida baada ya Isha akaomba mahali pa kulala, hatukawii kumuuliza: wewe ni mtu wa wapi? Akishajibu maneno mawili tu tumekwisha kumweka Tanga, Kigoma au Pemba. Tukikosea, tunacheka naye na kumpa chai.

Kwa Mbajuni aliyeomba hifadhi Uingereza, kosa la namna hiyo laweza kumrudisha kwenye mateso aliyoyakimbia. Wabajuni ni Waislamu wa mwambao na visiwa vya kuanzia pande za Lamu hadi Kismayu: Chula, Chovai, Koyama. Lugha yao ni lahaja ya Kiswahili. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubaland, na mpaka ukapita katikati ya ndugu. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi walikimbia. Waliofika Uingereza wakakabiliwa na swali: Mbajuni huyu ni wa Somalia, au wa Kenya?

Jibu lilitafutwa kwa simu. Mwombaji alizungumza, sauti ikarekodiwa, na kampuni ya Sprakab ya Sweden ikaandika lafudhi hiyo ni ya wapi. Mwaka 2010, katika shauri la mwombaji aliyetajwa kwa herufi RB (majina hufichwa, maana jina laweza kumponza mtu), baraza la rufaa liliipa ripoti ya aina hiyo uzito mkubwa, na madai yake ya Ubajuni wa Somalia yakakataliwa.

Mei 21, 2014, katika mashauri mawili ya Wabenadiri yaliyotoka Scotland, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikatalia serikali rufaa yake. Majaji hawakuzipiga marufuku ripoti za lugha. Walisema uamuzi wa 2010 usiwafunge mikono mahakimu. Kila ripoti ipimwe kwa ushahidi wake, na mjuzi wa lafudhi asijitwalie kuhukumu iwapo mtu anaijua nchi yake. Tunaiona hukumu hiyo kuwa ya haki. Najashi naye hakuwakabidhi Waislamu kwa wajumbe wa Makuraishi kabla ya kumsikiliza Ja'far bin Abi Talib.

Hapa kwetu, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ina kamati ya taifa inayochambua maombi, na aliyekataliwa humwendea Waziri. Kisha umebaki mlango wa Mahakama Kuu: mapitio ya uamuzi. Jaji hampi mtu ukimbizi. Huangalia iwapo alisikilizwa na sheria ikafuatwa, na la sivyo huutengua uamuzi ukafanywe upya. Tanzania haijaridhia mkataba wa kimataifa dhidi ya utesaji, lakini Katiba, Ibara ya 13(6), inakataza mtu kuteswa, na ibara hiyo hiyo inampa haki ya kusikilizwa.

Mlango huo una muda. Kwa kanuni za 2014, kibali cha kufungua mapitio huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi kutolewa, nayo ni michache kwa mtu asiye na wakili wala nauli. Ndiyo maana kamati yetu, ikifikiwa na mgeni wa aina hiyo, itaanza kwa kumuuliza tarehe iliyo kwenye barua yake ya kukataliwa.