-NGE- NA -NGALI-: BARUA ILIYONIPONZA

Leo nataka tuzungumzie viambishi viwili vinavyotutesa sana hapa Kehancha: -nge- na -ngali-. Nyumbani twasema Kikuria, sokoni twachanganya lugha, na wengi wetu hudhani viambishi hivi ni pacha. Sivyo, jameni!

Nilipokuwa kidato cha pili nilimwandikia mjomba, mfanyabiashara wa Isebania: "Mjomba, ungalinilipia karo, ningalifanya mtihani." Nilitaka aone nilivyokomaa katika Kiswahili. Mtihani ulikuwa bado wiki mbili. Nikangoja jibu, kimya! Siku ya mtihani ikanikuta nyumbani nikichunga ng'ombe.

Mjomba alipokuja nikamlalamikia. Akaitoa barua yangu mfukoni. "Mpwa wangu, si wewe uliyeandika kwamba mambo yamekwisha? Nilisikitika, nikasema basi nitakulipia muhula ujao."

Alisema kweli. Kiambishi -nge- huonyesha jambo ambalo halijatendeka, lakini mlango haujafungwa: "Ungenilipia karo, ningefanya mtihani." Akilipa leo, nitaufanya. Lakini -ngali- husema wakati umepita: hakulipa, sikuufanya, imekwisha hiyo. Ndiyo maana wahenga walisema ningalijua huja nyuma.

Sasa shikeni haya matatu:

1. Usichanganye. Kiambishi ulichoanza nacho ndicho umalizie nacho. "Ungekuja mapema, ungalimkuta" ni kosa. Sema "Ungalikuja mapema, ungalimkuta." Na ukikutana na -ngeli-, kama katika "ungelikuja", huyo ni ndugu yake -ngali-.

2. Ukikanusha, tanguliza -si-: "Nisingechelewa, nisingeadhibiwa", "Asingaliugua, angalishinda." Wako pia wasemao "singechelewa" na "hangechelewa", nao huelewka vizuri.

3. Neno "kama" si lazima. Watu husema "kama ungekuja", lakini -nge- tayari imebeba sharti hilo. Katika insha, "ungekuja" yatosha.

Na mimi je? Siku hizi nikiwa na shida, hata -nge- naiacha. Naandika tu: "Mjomba, naomba unilipie karo." Hapo hakuna wa kukosea maana.

Kiswahili kitukuzwe!