Ngitili: Msitu wa Familia

Ifikapo mwezi wa Septemba, nchi ya Wasukuma huwa kavu kabisa. Mvua za huko hunyesha tangu mwezi wa Novemba hivi mpaka Aprili au Mei, na kiasi chake kwa kawaida ni milimita 600 hadi 900 kwa mwaka. Baada ya hapo majani ya malishoni hukauka, hukanyagwa na kuisha. Ng'ombe hukonda, maziwa hupungua, na mwaka ukiwa mbaya mifugo hufa. Hata hivyo, karibu na nyumba nyingine utaona kipande cha ardhi chenye miti ya migunga, na chini yake nyasi ndefu zilizokauka zikiwa bado zimesimama. Humo ndimo wanamolishwa ndama na ng'ombe walio dhaifu. Kipande hicho huitwa ngitili.

Ngitili ni neno la Kisukuma. Maana yake ni eneo linalofungwa mwanzoni mwa mvua lisichungiwe mifugo, ili majani yake yatumike wakati wa kiangazi. Ziko ngitili za kijiji kizima, na ziko za familia moja moja, ambazo nyingi ni ndogo. Je, msitu mdogo kama huo wawezaje kutoa malisho, kuni, fito na dawa mwaka hata mwaka bila kuisha?

Jinsi misitu ilivyotoweka

Zamani Shinyanga ilikuwa na misitu mingi. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, maeneo makubwa yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, ambao hupenda kivuli na hueneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Baadaye mashamba ya pamba yaliongezeka, na mifugo ikaongezeka pia. Watu walipohamia katika vijiji vipya katika miaka ya 1970, ngitili nyingi za zamani ziliachwa bila mwangalizi. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, ilikadiriwa kwamba zilikuwa zimebaki hekta 600 tu za ngitili. Miaka ishirini hivi baadaye zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000. (Sehemu ya mkoa ule wa wakati huo sasa imo katika Mkoa wa Simiyu.)

Hekta zote hizo hazikupandwa miche kwa mkono. Sehemu kubwa ilichipua yenyewe. Hebu tuone sababu yake.

Ghala lililo chini ya ardhi

Mti ukikatwa, shina huondoka lakini mizizi hubaki hai. Majani ya mti hutengeneza chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, na sehemu ya chakula hicho huwekwa akiba katika mizizi. Akiba hiyo ndiyo inayokisaidia kisiki kutoa machipukizi mapya. Machipukizi yakipata majani, nayo huanza kutengeneza chakula na kuijaza tena akiba iliyotumika.

Sasa fikiri mbuzi anakuja na kuyala machipukizi hayo. Kisiki hutoa mengine kwa kutumia akiba iliyobaki. Mbuzi huyala tena. Hali ikiendelea hivyo, akiba huisha na kisiki hufa. Ndiyo sababu eneo lililofungwa kwa miaka michache tu huweza kugeuka msitu, hali jirani yake hubaki vichaka vifupi visivyokua.

Miti ya migunga ina faida nyingine. Katika mizizi yake huwamo vinundu vidogo, kama vile vya mizizi ya kunde. Ndani ya vinundu hivyo huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mimea. Kwa hiyo udongo ulio chini ya migunga huwa na rutuba zaidi.

Kazi ya mwenye ngitili

Watu wengine hudhani kwamba kutunza msitu ni kuuacha bila kuugusa. Fikira hiyo si sahihi. Kisiki kimoja huweza kutoa machipukizi kumi au zaidi, na yote hugombea maji, chumvichumvi na mwanga. Yakiachwa yote, hubaki membamba kama viboko. Mwenye ngitili mwangalifu huchagua mawili au matatu yenye nguvu, yaliyonyooka, na kuyakata mengine. Haya yaliyokatwa hayatupwi: ni kuni, na mengine ni fito za kujengea. Matawi ya chini hupunguzwa pia, ili mwanga ufike chini na nyasi ziote. Msitu uliosongamana mno hauna malisho.

Ukataji nao una namna yake. Hutumiwa shoka kali, na kisiki hukatwa kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke, yasituame na kukiozesha. Gome lisichanwe, maana machipukizi hutokea karibu na gome.

Ngitili haifunguliwi yote kwa siku moja. Hugawanywa sehemu, na mifugo huingizwa katika sehemu moja mpaka majani yake yapungue, ndipo hufunguliwa nyingine. Ng'ombe wakiwa wengi mno, kwato zao hushindilia udongo. Udongo ulioshindiliwa haupitishi maji vizuri. Mvua inyeshapo maji hutiririka juu yake na kuuchukua.

Adui mkubwa ni moto. Nyasi zile zile zilizohifadhiwa kwa miezi mingi ndizo zinazowaka upesi, na cheche moja ya mrina asali yaweza kumaliza chakula cha ng'ombe wote wa familia katika alasiri moja. Kwa hiyo, mara mvua zinapokwisha, hufyekwa ukanda wa mita kadhaa kuizunguka ngitili, na nyasi zake huondolewa mpaka udongo uonekane. Moto ukifika hapo hukosa cha kuunguza. Nyasi zilizofyekwa zisiachwe juu ya ukanda huo.

Kuna pia kishawishi cha mkaa. Tanuri la kawaida la udongo hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa. Mtu anayeuza ngitili yake kwa wachoma mkaa hupata fedha mara moja, lakini mwezi wa Septemba hufika kila mwaka. Katika vijiji vingi sheria za kulinda ngitili hutungwa katika mkutano wa jadi uitwao dagashida, na anayelisha mifugo kwa siri katika ngitili ya mwenziwe hutozwa faini.

Jaribio

Chukua kopo lililotobolewa pande zote mbili. Lisimamishe juu ya njia iliyokanyagwa sana, ulikandamize kidogo lishike ardhini, kisha mimina kikombe kimoja cha maji. Hesabu dakika mpaka maji yote yazame. Rudia jambo hilo chini ya mti wenye majani makavu yaliyoanguka. Andika dakika za kila mahali katika daftari lako. Ni wapi maji yalizama upesi zaidi? Chimba kidogo pahali pote pawili, ulinganishe udongo wake.