Mitumba, AGOA na Gharama ya Kukataa

Belo la nguo za mitumba huwa na uzito wa kilo 45 hivi. Kwa ushuru wa dola 0.20 kwa kilo, mwagizaji wa Kigali alilipa dola 9 kwa belo zima. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru huo hadi dola 2.50 kwa kilo. Belo lilelile likadaiwa dola 112.50, kabla ya nauli, faida ya muuzaji wa jumla na kodi ya kibanda. Ushuru huo ulizua mvutano uliofika mezani kwa Rais Donald Trump.

Rwanda haikuanza peke yake. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kupunguza hatua kwa hatua uagizaji wa nguo na viatu vilivyotumika, ili kufufua viwanda. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kiliilalamikia serikali yake kwamba hatua hiyo inakiuka masharti ya AGOA. Sheria hiyo ya mwaka 2000 iliruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, lakini ilizitaka nchi zilizonufaika ziendelee kuondoa vikwazo dhidi ya biashara ya Marekani.

Je, ni kweli mitumba inaua viwanda? Watafiti hawajakubaliana. Mwaka 2008 mchumi Garth Frazer alichapisha uchambuzi wa takwimu za 1981 hadi 2000 ulioonyesha kuwa mitumba inaeleza takriban asilimia 40 ya anguko la uzalishaji wa nguo barani Afrika. Miaka minne baadaye, Andrew Brooks na David Simon walitahadharisha kwamba viwanda vilidhoofika pia kwa sababu ya kulegezwa kwa masharti ya uchumi, hivyo si haki kuibebesha mitumba lawama zote. Naye Karen Tranberg Hansen, aliyechunguza biashara hiyo Zambia, alionyesha jinsi inavyowapa riziki wachuuzi na mafundi cherehani wanaozirekebisha nguo hizo.

Hoja hizo zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Mfanyakazi wa kiwanda anakosa ajira, muuza mitumba anapata, na mnunuzi wa kipato cha chini anavaa kwa bei anayoimudu. Isitoshe, ushuru wa mitumba haugusi nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia, wala haushushi bei ya umeme au riba ya mikopo ya kiwanda.

Swali la pili ni la kisiasa: kwa nini Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo, Rwanda ikakaza? Jibu limo katika hesabu ya hasara. Kenya huiuzia Marekani nguo za mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vyake, vikiwamo vya Athi River, wanategemea soko hilo. Mauzo ya nguo ya Rwanda huko yalikuwa madogo mno. Marekani ilipoziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru mwishoni mwa Julai 2018, Kigali iliumia kidogo. Adhabu hiyohiyo ingefunga viwanda vya Kenya.

Hapo ndipo udhaifu wa Jumuiya ulipoonekana. Tangu 2005 ina umoja wa forodha, na uamuzi wa mitumba ulipitishwa kwa pamoja. Lakini chini ya AGOA Marekani iliikagua kila nchi peke yake kila mwaka, na kila moja ilijibu kwa kuangalia maslahi yake. Uamuzi wa pamoja usio na mpango wa kugawana hasara huvunjika siku mwanachama mmoja anapotishwa.

Mawaziri wa biashara wanapokaa tena Arusha, waanze na hesabu hiyo: nani atapoteza nini, na wenzake watamfidia vipi? Wakumbuke pia kwamba AGOA ni sheria ya Bunge la Marekani, si mkataba kati ya pande mbili. Aliyeitoa ndiye anayeweka masharti, na ndiye anayeamua nani ameyavunja.